Makopa

Balozi Chimbaka alipita nyumba zake kumi, filimbi shingoni:
mchana, kitu cheupe kisionekane uani.
Shuka, hapana. Kanzu za Ijumaa, ndani.
Na bata wa Mama Nachilongo wafungiwe.
Tukacheka. Bata nao wana siasa?
Yeye hakucheka.

Usiku koroboi iliwekwa chini ya pakacha,
tukala kwa kupapasa,
dagaa unamjua kwa kichwa chake.
Ng'ambo ya Ruvuma mbingu iliwaka ikazima, ikawaka ikazima,
kama mtu anayehangaika na kiberiti kilicholowa.
Baba aliita ile kazi ya Wareno,
kama usemavyo kazi ya mchwa.

Handaki tulichimba nyuma ya choo, kati ya mikorosho miwili.
Mimi, miaka tisa, nikakabidhiwa makopa:
jua likipanda, anika;
ukisikia mlio, funika kwa majani, kisha kimbia.
Kufunika kwanza.

Wiki nne hatukuona ndege ila mwewe.

Jumatano ile mabibo yalikuwa yameiva.
Nilikuwa juu ya mti, kifua kinachuruzika,
ulimi umekauka kwa utamu ule unaokaba.
Mlio niliusikia.
Niseme kweli, maana wote wa kunisuta wamekwisha kufa:
niliusikia,
nikadhani ni lori la ushirika linashuka kutoka Newala,
nikachuma bibo lingine.

Makopa yalikuwa uani, jamvi zima,
meupe kama meno ya mtu anayecheka peke yake.

Shangazi Somoe ndiye aliyetoka handakini.
Hakutoka kunitafuta; alidhani nimo, nimebanwa na watu gizani.
Alitoka kuyafunika,
majani tele mikononi, kanga kaifunga kifuani
kama aendaye shamba na kuchelewa.

Hapo naruka.

Mizani ya ushirika iliokotwa juu ya paa la shule,
mshale umekwama kwenye sitini na mbili,
ilipima nini, sijui.
Bata wote wazima.

Tulimzika usiku.
Balozi alisema tusubiri giza liingie sawasawa,
sanda ni nyeupe.

Miaka baadaye askari mmoja wa mpakani aliniambia:
rubani hakuona makopa, mama,
aliona bati la ghala, bati hung'aa kutoka mbali.
Nilimshukuru, nikampa chai na muhogo.
Alipoondoka nikaenda uani kupima kwa macho,
ghala lilikuwa pale, jamvi lilikuwa hapa,
hatua arobaini, pengine hamsini, hatua za mtoto.

Siku hizi ndege ya abiria hupita ikielekea Mtwara.
Mkwe wangu analalamika:
mama, makopa yako hayakauki, yanaota ukungu,
unga wake mchungu.
Ni kweli.
Nayafunika mno.