Mziba Pancha wa Kisubi

Miaka kumi na tisa kazi yangu ni kuziba.
Msumari, kioo, mwiba wa barabara ya Entebbe:
naleta gundi, kiraka, pumzi za pampu,
na gari linaondoka limeshasahau.

Jumanne alikuja Nabbosa wa idara ya afya,
buti za mpira, tochi, upawa mweupe.
Hakuuliza bei.
Aliinamia rundo la matairi yangu makuukuu
akachota maji niliyoapa hayamo.
"Njoo uone, Kalyango."

Ndani ya upawa, viluwiluwi,
vikijikunja na kujikunjua
kama koma za barua isiyotaka kwisha.

Nikasema: kwangu kuna chandarua.
Akasema: huyu hangoji giza.
Ana miguu ya madoa meupe, huuma mchana,
saa ile mkeo anamenya matoke.

Msitu wa Zika uko pale, mwendo wa sigara moja.
Utotoni niliokota kuni pembezoni mwake.
Jina lake lilipanda ndege zinazopita juu ya bati langu,
likashuka nchi nisizoweza kuzitamka,
likaingia wodi za wazazi,
mama akipima kichwa cha mwanawe kwa kiganja,
akipima tena.
Kwetu ni jina la kituo tu.

Nassuuna ana mimba ya miezi mitano.
Sikumwambia Nabbosa. Alikuwa ameshamwona,
amekalia tairi la lori, kiti chake cha alasiri,
akijipiga kofi kwenye kifundo cha mguu.

"Basi nimwage?"
"Kumwaga hakutoshi. Yai hung'ang'ania mpira,
hukauka miezi, likingoja mvua. Sugua.
Na tairi usiloweza kulifunika, litoboe."

Nitoboe!
Mimi!

Jioni nikaazima keekee kwa fundi seremala.
Tairi la kwanza lilipiga yowe kama linanijua.
Majirani wakakusanyika: Kalyango kapagawa,
leo anagawa pancha bure.
La pili. La tisa.
Kiti cha Nassuuna nikakitoboa mara sita,
maji yakatoka meusi, vumbi likayanywa.

Alfajiri mvua ikashuka.
Nilisimama mlangoni na brashi mkononi,
nikisikiliza matairi yangu yakivuja,
yote,
na sikuziba hata moja.