Kijiti cha Pili

Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye benchi, nje,
Navsari, ng'ambo ya ukuta wa hekalu la moto,
viatu vya Faredun miguuni pangu kama paka wawili.
Yeye ndani. Mimi na Yusufbhai muuza msandali
tukihesabu baiskeli.

"Kwetu," alisema, akifuta mizani kwa pindo la kanzu,
"shahada mbili mbele ya watu, na chai haijapoa
umeshakuwa dada yetu. Gharama? Hakuna."
Nikamjibu: kwetu Goa hata sikuulizwa.
Nilikuwa na wiki tatu, maji yakanishukia utosini,
nikalia, padri akasema huyo ameitikia.

Bi Sigauker wa duka la vifungo naye akadakia:
"Sisi tunakufukuza mara tatu.
Ukirudi ya nne, tunaanza kukusikiliza. Kwa shaka."
Na Savita, jirani wa ghorofani, hakulielewa swali:
"Uingie wapi? Kwani uko nje ya nini?"

Nje, Savita. Nje ya mlango ule pale.
Nilipiga hodi mara moja tu, mwaka wa harusi.
Dastur Hormuz alifungua nusu,
akanitazama kwa huruma ya mtu anayefunga duka:
"Mwanangu, huku hakuingiwi kwa kupenda.
Huku watu huzaliwa.
Nasi tumebaki wachache; mwenye vichache hufunga sanduku."

Faredun alikufa Agosti, mvua haina adabu.
Sala zilipoanza wakanirudisha nyuma.
Uso wake nikawaachia mashemeji
ambao hawakujua hata alivyokoroma.

Siku ya tisa wakaja vijana wawili wenye tai,
vitabu vidogo, hodi kubwa kuliko mlango.
"Mama, uko tayari kubadilika?"
Niliwapa biskuti.
Nikawaomba wanishushie kabati lake chini.
Walilibeba, maskini, wakimsifu Bwana kila ngazi.

Mwezi ulipotimia alikuja Dastur mwenyewe,
mwavuli umevunjika ubavu, akakataa kukaa.
"Kila Ijumaa alileta vijiti viwili,"
aliliambia kabati zaidi kuliko mimi.
"Cha kwanza alitaja jina la baba yake.
Cha pili, lako.
Na mimi, Esperança, sikio hili la kushoto
siku hizi halisikii vizuri."
Akatoka mvuani.

Viwili, kila Ijumaa, mbele ya macho yangu.
Nami nilidhani anafuata bei ya jumla.