Biringanya za Kadutu

Nsimire yuko Panzi, kitandani, siku ya tatu.
Amejifungua salama. Uji wa wifi yake ameukataa,
mchuzi wa kuku wa mama yangu ameukataa pia,
na hilo la pili nitalilipa mimi mpaka Krismasi.
Anataka biringanya.

"Nenda Kadutu," alisema. "Usinunue za barabarani."
Mvua ilikuwa imetoka kupita, soko zima ni tope,
tope lile jekundu linaloshika kiatu kama mdai.
Nikapanda, simu sikioni, uniti za franka mia tano.

"Unaona nini?"
Zambarau.
"Zambarau ipi? Ndefu au nene?"
Za mbele ndefu, zimelala kama nyoka walioshiba.
Za nyuma nene, zimekaa kitako, zinang'aa,
hazina habari na mtu.
"Nene ni za kukaanga. Unazikata, unazitia chumvi,
unaziacha zilie machozi yake yote, ndipo mafuta.
Ndefu, karanga. Ngozi yake laini, humenyi.
Si hizo. Endelea."

Naona za kijani, mistari mistari,
kama jezi ya timu iliyoshuka daraja.
"Hizo na maharage, nzima nzima.
Si hizo."

Naona nyeupe. Ndogo. Unaweza kudhani kuku alipita hapa.
Kimya kidogo. Nilisikia mtoto akihema, au ni mtandao.
"Chungu au baridi?"
Nsimire, nitajuaje kwa macho?
"Macho hayapiki. Sikiliza.
Kikonyo kiwe kijani, kikuchome kidogo.
Kikiwa kahawia, imelala sokoni tangu juzi.
Iweke mkononi: iwe nzito kuliko inavyoonekana.
Nyepesi ni sifongo, mbegu tupu.
Kisha bonyeza kwa gumba. Ngozi ikirudi, chukua.
Shimo likibaki, mwachie mwenyewe.
Na ukiona yenye wekundu, hiyo ndiyo—"

Uniti zikaisha.

Ndiyo nini? Ndiyo ya kuchukua? Ndiyo ya kukimbia?
Mama Cikuru, mwenye meza, alikuwa amesikia yote
(nusu ya soko ilikuwa imesikia yote).
Akakata nyeupe moja kwa kisu, akanipa kipande kibichi.
Ulimi wangu ukakunjika kama karatasi.
"Umejua sasa? Nyekundu ni hii hii, imezeeka tu.
Uchungu umeshuka mpaka mfupani.
Mke wako mtu wa wapi?"
Walungu.
"Basi weka moja. Moja tu, baba."

Nikaanza kubonyeza. Moja moja, bila haraka,
mimi ambaye kwa miaka sita nimekula bila kuuliza
kilichoingia chunguni kilitoka kapu gani.
Nyuma yangu watu wakajaa.
Kijana mmoja wa gunia la makala akauliza
kama nanunua biringanya au nazipima homa.
Nikachukua kumi na mbili. Mama Cikuru akaongeza moja,
matabishi, akaibonyeza kwanza, nimwone.

Nikapika mwenyewe, Nyamugo, mlango wazi kwa moshi:
sambaza, mawese, pilipili moja isiyopasuliwa.
Jirani akachungulia mara mbili.

Panzi, Nsimire alifunua sufuria, akanusa,
akaingiza kidole, akageuza moja.
"Hii ina tundu la mdudu. Hukuliona."
Sikuliona.
Akaila kwa upande wa pili.
Akala zote. Nyekundu akaiweka mwisho,
akaitafuna uso umekunjamana,
macho amefumba, kama mtu anayesoma barua ya kwao.

Mimi nilikuwa nimemshika mtoto.
Nikaweka gumba shavuni mwake, polepole.
Shavu likarudi.
"Usimbonyeze mtoto," akasema,
mdomo umejaa, bila kufumbua macho.