Ufunguo wa Kabati la Bisnauth

Ninao mimi, ndani ya kopo la chai,
nyuma ya pakiti ya binzari.
Kila alfajiri Bisnauth anavuka mtaro,
anaomba ufunguo wa dawa za mpunga,
jioni anaurudisha, kiganja kimelowa.
Hatusemi ni kwa nini.
Watu wa Korentaini tunajua kunyamaza
kama tunavyojua kupanda.

Lakini mwanawe nilimuuliza.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa mitihani.
Teekaram alikuja kulisha bata wangu,
kazi niliyombunia tu, bata wangu hawana njaa.
Akamwaga pumba, akaitazama ndoo tupu
muda mrefu mno.
Glavu zake za kriketi alikuwa amempa binamu,
bure, huku akitabasamu.
Tabasamu lile ndilo lililonitisha.

Nikazima jiko.
"Teeka, unafikiria kufa?"
Hivyo hivyo, bila kuzunguka,
kama mtu anayeuliza kama mchele umeisha.
Nililelewa nikiambiwa neno hilo huita balaa.
Haliiti. Balaa lilikuwa limeshaketi;
neno lilimpa mtoto naye kiti.

Akasema, "Ndiyo, Shangazi. Usiku."

Sikulia. Nililia baadaye, bafuni, bomba likiwa wazi.

Ardhi yetu hapa iko chini ya bahari.
Ramnaraine wa lango la mfereji
huamka hata saa nane usiku, maji yakipwa,
afungue; yakirudi, afunge.
Miaka thelathini, hajaishinda bahari.
Anajua saa zake, basi.

Nasi tukajifunza saa za Teeka.
Jumapili usiku ndizo mbaya.
Basi Jumapili mama yake hushona hadi usiku wa manane,
kitambaa kilekile, nadhani hukifumua,
na mdogo wake Vidya hulala chumbani mwake
akikoroma kama trekta.
Alhamisi ni muuguzi wa Skeldon,
yule asiyeandika mtu anapozungumza.
Kocha Azeez hakuja na hotuba.
Alizitupa glavu mezani:
"Jumamosi sina mdakaji."

Wiki nyingine hakutoka kitandani.
Wiki nyingine alinifokea.
Bata wakala kwa mkono wangu.

Jana kainama chini ya ngazi,
bata jike amelalia mayai.
"Yataanguliwa lini?"
Siku ishirini na nane, nikamwambia.
Akaanza kuhesabu kwa vidole,
vidole vikamwishia,
akaendelea.