Utalala Wapi

Karatasi za kuuza nyumba zilikuwa tayari.
Wakili alisema: Alhamisi, saa nne asubuhi,
uje na kitambulisho na picha mbili za pasipoti.
Kilichobaki ni mahali pa kuweka kichwa Jumatano usiku.

Miaka kumi na tisa natengeneza cherehani Eldoret.
Sijawahi kupanga chumba Mombasa.
Nani hupanga chumba alikozaliwa?
Nikageuza risiti ya uzi, nikachukua kalamu,
nikaandika mitaa
kama mtu anayechagua shati la kuazima.

Nyali: bei yake niliisoma mara mbili
nikidhani ni namba ya simu.
Kijana wa mapokezi akanihakikishia bahari inaonekana,
ila usimame juu ya kitanda.
Sisi bahari tuliijua kwa shati la baba
akirudi zamu ya usiku gatini,
chumvi na grisi, mama akililoweka peke yake.

Likoni ni rahisi, lakini feri ina akili zake:
ukiwa na haraka, hukumbuka uzee.

Kibokoni, chumba cha juu,
ngazi kali kama jibu la wifi.
Goti langu la kushoto lilikataa
kabla sijauliza kama kuna maji.

Bamburi, upepo bure.
Mtwapa hakulaliki, aliniambia Kiplimo wa duka la pili,
muziki mpaka alfajiri;
alisema huku akitabasamu, mkewe akiwa mbali.
Kisauni usithubutu, akasema Zuhura,
aliyenyang'anywa mkoba pale, na ndani mlikuwa na picha ya mamake.
Na Bi Chepkorir, aliyefika mara moja kwa semina,
akanifundisha Mombasa yangu nzima
kwa kikombe kimoja cha chai:
Tudor, bwana. Tudor kumetulia, kuna miarobaini.
Niliitikia kama mgeni. Nikaandika: Tudor.
Hakuna anayekueleza mji;
anakueleza usiku wake mmoja.

Majengo sikuiandika.

Nikapiga simu Tudor. Sauti ya msichana,
feni ikigugumia nyuma yake:
"Mgeni au mwenyeji? Bei ni mbalimbali."
Mezani palikuwa na cherehani ya mtu, tumbo wazi.
Nikaikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.
"Mwenyeji," nikasema. "Mpaka Alhamisi."
"Mwenyeji," akauliza, wala hakunikejeli,
"alala hoteli kwa nini?"

Nilifika Sidiriya saa tatu usiku na begi moja.
Shangazi Mwanakombo hakuniuliza habari za njia.
"Nasikia wazunguka mitaa yote kutafuta kitanda.
Nyumba ni yetu hata kesho saa nne. Ndoo ndani."

Vyumba sita: vitatu wapangaji,
viwili masanduku yaliyofungwa kamba,
kimoja yeye na wajukuu, na joto lao.
Ukabaki ukumbi ule mrefu wa katikati.
Ukuta umepakwa chokaa mpya kumfurahisha mnunuzi,
lakini ukijua pa kutazama, mistari ya mkaa bado ipo:
mimi, Rukia, marehemu Faki
aliyekuwa akisimama kwa vidole vya miguu ili anipite.

Shangazi akatandika mkeka, mto ameukumbatia.
"Haya, chagua mtaa.
Upande wa uani mbu ni wachache, lakini bomba ladondoka.
Upande wa mlango kuna upepo,
lakini wapangaji watakuruka alfajiri wakenda kazini."

Nikachagua mlangoni.
Ndiko walikokuwa wakilazwa wageni.