Maneno Mia Tatu

Fomu inauliza: Umefika nchi ngapi?
Naandika sufuri. Nafuta. Naandika Duluth,
ingawa Duluth si nchi, ni mwendo wa saa tatu
kwenda kung'olewa gego.

Mlango unafungwa saa sita usiku.
Programu ya Upeo wa Dunia, nafasi kumi na nne,
muhula mmoja ng'ambo, nauli juu yao,
semina kila Alhamisi, na chakula cha jioni
na watu waliobandikwa majina kifuani.
Mshauri wangu, Bibi Haugen, alisema: "Lorelei,
waonyeshe kwamba umekutana na ulimwengu."
Nikutane nao wapi? Huku kwetu Wisconsin
barabara inaishia kwenye zizi la Baba,
ng'ombe mia na themanini, na baridi ambayo
maziwa yakimwagika yanaganda kabla hujasema lo!

Basi nikaandika habari za Eusebio.
Miaka tisa tunakamua bega kwa bega,
akiwahesabu ng'ombe wanavyoingia:
se, ome, eyi, nawi.
Nilidhani ni Kihispania.
Hadi chuoni, wiki ya kwanza, mwalimu akaanza
uno, dos, na mimi nikashtuka kitini
kama mtu aliyekosa kipandio gizani.

Insha ikatiririka. Maneno mia mbili tisini na nane.
Nzuri. Nzuri mno.
"Alikuwa dirisha langu la kwanza," niliandika,
na nilipoisoma kwa sauti sebuleni
paka aliinuka akaenda zake.
Dirisha!
Mtu ana mgongo unaomuuma,
ana binti kule Zongolica aliyemwacha akitambaa,
leo anamtumia viatu vya msichana mkubwa,
nami nimemfanya kioo cha kuchungulia.

Nikavaa buti, nikatoka.
Alikuwa akisuuza mabomba, zamu inakwisha.
Nikamweleza: kuna fomu, kuna fedha, nimekuandika humo.
Akafuta mikono, kidole baada ya kidole.
"Umeandika natoka wapi?"
"Meksiko."
"Meksiko ni kubwa."
Maji yakaendelea kutiririka kwenye mfereji.
"Na hao watu, wanakulipa wewe uvuke mpaka?"
"Ndiyo. Wakinichagua."
Akacheka mpaka akashika ukuta,
ng'ombe mmoja akageuza shingo kututazama.
"Mimi nililipa," akasema,
na hapo hakuwa akicheka tena.

Saa tano na dakika arobaini na moja.
Nimeifuta insha yote, nimeurudisha ule uwanda mweupe.
Naandika kwamba sijafika popote.
Kwamba najua kuhesabu hadi nne
kwa lugha ambayo miaka tisa sikujua kuwa ni lugha,
na aliyenifundisha hakujua kwamba ananifundisha.
Kwamba kuna mtu hapa angestahili fomu hii,
ila haina kisanduku chake.
Nasita kwenye sentensi hiyo. Inanukia dirisha.
Naiacha, sina nyingine.

Mashine inanionya kwa wino mwekundu: insha ni fupi mno.
Nabonyeza.
Inazunguka, inazunguka, mtandao wa shamba huo,
halafu: Tumepokea. Usijibu ujumbe huu.

Kitandani ndipo nikakumbuka
kwamba sikumwuliza tano.
Taa ya zizi imekwisha kuzimwa.
Saa kumi alfajiri tunakamua.