Sponji

Matone manane ya kichupa cha kwanza,
matone manane ya kichupa cha pili,
tikisa, simamisha, ngoja dakika tano
huku mvua ya Paisley ikigonga dirisha la ghorofa ya tatu
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Nataka njano.
Napata kijani.

Wiki ya sita sasa. Nyuma ya bahasha za bili ya umeme
nimeandika: Jumatano, njano kidogo.
Alhamisi, njano, nusura nicheze.
Jumamosi, kijani cha ndimu changa.
Amonia inaondoka kama mgeni aliyeaga
kisha inarudi kuchukua mwavuli, na kuketi.

Nimepunguza chakula mpaka samaki wananitazama
kama wapangaji waliokatiwa maji.
Nimebadili theluthi, kisha nusu, ndoo kwa ndoo,
mgongo ukinilaani.
Akioza mmoja wameoza wote, wanasema,
basi nikamtafuta huyo mmoja:
nikainua gogo, nikapekua mizizi ya kangaga,
nikahesabu tetra, kumi na moja, wazima wote,
nikawanusa konokono, mmoja mmoja,
mimi, mtoto wa watu, saa nane za usiku,
nikiwa bado na sare ya kufulia mashuka ya hospitali.

Lorna wa duka la samaki alinihoji kama daktari.
Udongo wa mimea ni mpya? Wa mwaka juzi.
Maji ya bomba umeyapima? Njano tupu.
Dawa ya klorini? Kila ndoo.
Akakuna shingo.
"Mle kwenye kichujio mna bakteria. Ndio wanaokula hiyo sumu.
Kuna mtu anawagusa?"
Hakuna, nikasema. Tupo mimi na Mama tu.

Ijumaa ile zamu ilikatika mapema.
Nikasikia bomba la bafuni.
Mama kakunja mikono ya dera, kaketi kwenye stuli,
anaikamua sponji ya kichujio chini ya maji ya moto
kama anakamua tui la kwanza,
na rangi ya chai inateremka, inateremka, inaingia shimoni.

"Hiki kidude kinanuka shombo, mwanangu.
Kila Ijumaa nakitakasa.
Sikukwambia. Si kila jema la kutangazwa."

Mashine inaosha vyombo.
Mashine inafua, inakausha.
Kile kidubwasha cha mviringo kinafagia chenyewe uvunguni
na kumgonga kisigino kama mbuzi.
Tangu Oktoba, katika nyumba yangu yote,
kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kichafu
kwa ajili yake.

Nikakaa ukingoni mwa beseni.
Nitamwambiaje mtu aliyenilea kwa dodoki na jivu,
aliyenifunza kuwa usafi ni nusu ya imani,
kwamba ule utelezi ulikuwa mji,
una wakazi, una kazi, una zamu za usiku kama zangu?

Nilimwambia hivyohivyo.

Akafunga bomba.
Akalitazama shimo.
"Nimewaua wangapi?"
"Hawahesabiki, Mama."
"Inna lillahi," akasema,
na hakuwa anatania.

Siku hizi anaichovya sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi,
mara mbili, polepole, anaipigapiga
kama mtoto anayetakiwa kucheua.
Ananung'unika: kuosha kwa maji machafu!
Hii nchi, hii!
Kisha anavaa miwani, anaomba vichupa.
Matone ni yake sasa. Anayahesabu kwa sauti,
akikosea anamwaga, anaanza upya.

Leo ni Jumamosi ya tisa.
Ameinua neli dirishani, kwenye mwanga wa kijivu.
Mimi naona njano.
"Subiri," anasema, "macho yako yana haraka.
Hapa chini bado."